Redio yako si kiziwi, imezidiwa

Msomaji mmoja ameandika:

"Nimejiundia SDR (redio ambayo kazi yake kubwa hufanywa na programu ya kompyuta) ya mawimbi mafupi kwa ajili ya MHz 7. Swichi ya FST3253 inachukua sampuli, saa yake ni Si5351, halafu op-amp mbili (chipu za kukuza ishara) zinapeleka mikondo miwili, I na Q, kwenye tundu la maikrofoni la laptopu. Mchana nasikia watu kwa mbali. Usiku ni fujo: mtangazaji mmoja anaongea popote ninapogeuza, na kila ishara ina pacha wa kimo kilekile upande wa pili wa skrini. Nafikiria kununua kikuza cha antena cha dB 20 na kadi ya sauti ya biti 24, kisha niongeze upande wa kurusha, wati 5. Leseni ninayo, vifaa vya maabara sina. Nitajuaje kwamba mfumo wangu ni mzima?"

Kikuza usikinunue. Kadi ya sauti inunue, ila si kwa ajili ya hizo biti 24. Kabla sijaeleza, fanya jaribio la dakika tano. Tafuta rezista mbili za omu 100, ziunganishe sambamba upate omu 50, uziweke mahali pa antena. Mchana, ukanda ukiwa umetulia, chagua masafa ambayo hayana mtu, weka kichujio cha programu kwenye kHz 2.5, uandike kiwango cha kelele kinachosomeka. Sasa toa rezista, rudisha antena, usome tena. Kelele ikipanda dB 10, yaani nguvu mara kumi, au zaidi, redio yako inasikia kila kinachosikika mahali ulipo, na hakuna kikuza kitakachokuongezea hata neno moja. Ikipanda dB 2 au 3 tu, hapo una haki ya kushuku usikivu wake.

Nabashiri itapanda zaidi ya 10, na hesabu ni hii. Joto la kawaida peke yake huzalisha kelele ya dBm −174 kwa kila hezi moja (dBm ni dB zinazohesabiwa kutoka miliwati moja). Dirisha la kHz 2.5, ambalo ndilo upana wa sauti ya SSB (sauti inayorushwa kwa upande mmoja tu wa mawimbi), linaongeza dB 34, unafika dBm −140. Hapo ndipo ingesimama redio isiyo na dosari yoyote. Lakini anga la MHz 7 halina ukimya wa namna hiyo. Kwa mujibu wa pendekezo la P.372 la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, kelele za mitambo ya binadamu kwenye masafa hayo, maeneo ya mashambani, zipo kama dB 44 juu ya kelele ya joto. Mjini ni kama dB 53, na hata mahali palipo kimya kabisa bado ni karibu 29. Kwa hiyo huko mashambani antena inakuletea kelele ya kama dBm −96. Katika kipimo cha S, kile cha nguvu ya ishara, ambapo S9 ni dBm −73 na kila hatua ni dB 6, hiyo ni takriban S5, na hakuna mtu aliyefungua mdomo bado. Redio iliyoundwa kwa uzembe kiasi, yenye kuongeza dB 15 za kelele zake yenyewe, inaishia dBm −125. Bado iko chini ya kelele ya antena kwa dB 29.

Ukiweka kikuza cha dB 20 mbele ya hapo, utakuwa umempa kila mtu ukumbini kipaza sauti ili umsikie mmoja. Kelele itapanda dB 20, ishara dB 20, na vituo vya utangazaji vyenye nguvu za mamia ya kilowati navyo dB 20, hadi op-amp zishindwe kabisa. Kikuza kina kazi yake, sikatai: kwenye antena ndogo ya kitanzi inayokusanya nguvu kidogo, au huko juu MHz 28, mahali penye utulivu ambapo kelele ya nje imeshuka hadi kama dB 12. Si kwenye MHz 7 na waya mrefu.

Sasa huyo pacha. Umeandika "wa kimo kilekile", na neno hilo limenipa jibu kabla sijamaliza kusoma swali. Swichi yako hutoa mikondo hiyo miwili, I na Q, ikiwa imepishana nyuzi 90 za awamu, yaani robo ya wimbi. Programu huangalia upi umetangulia, na kwa njia hiyo tu hutambua kama ishara iko juu au chini ya masafa ya saa. Ikinyimwa mkondo mmoja, haina tena cha kulinganisha, na huchora kila kitu pande zote mbili kwa kimo kimoja. Tundu la maikrofoni kwenye laptopu nyingi lina chaneli moja tu, hata kama plagi inaingia vizuri. Zaidi ya hapo hupeleka volti kidogo za kulisha maikrofoni, na huenda likajipunguzia kelele na kujirekebishia sauti lenyewe bila kukuuliza, mambo ambayo kwa SDR ni sumu. Kuthibitisha ni rahisi: chomoa waya wa Q. Picha isipobadilika, umempata mhalifu. Ikibadilika, chomoa wa I uone. Inawezekana laptopu haina hatia na ni kiungo kimoja kilicholehemiwa vibaya.

Ndiyo maana nasema nunua kadi ya sauti. Unachotafuta ni tundu la kuingizia la chaneli mbili za kweli, yaani stirio, linalochukua sampuli 96,000 au 192,000 kwa sekunde ukitaka kuona kipande kipana cha ukanda. Biti zisikuumize kichwa. Kanuni ni dB 6.02 kwa kila biti, ukijumlisha 1.76: biti 16 zinakupa dB 98. Zaidi ya hapo, kelele ya kigeuzi imetandazwa kwenye kHz 48 zote nawe unasikiliza 2.5 tu, kwa hiyo unapata nyongeza ya karibu dB 13. Kati ya kelele ya dBm −96 na kituo kikali cha usiku hakuna pengo la dB 111. Wanaotumia vile vijiti vya kupokelea runinga kwenye kompyuta, vya biti 8, ndio wenye haki ya kulalamika, kwa sababu wao wanaanzia dB 50.

Kadi ikishaingia, pacha hatatoweka. Atanywea. Kwa hiyo tumwite kivuli, maana ndivyo alivyo. Tofauti ya asilimia 1 ya kimo kati ya I na Q, pamoja na kosa la nyuzi 1 ya awamu, inatosha kuacha kivuli dB 40 tu chini ya ishara yenyewe, na kituo cha S9+40 kitaacha kivuli cha S9 juu ya mtu anayenong'ona. Programu nyingi za SDR zina vitelezi viwili vya kusahihisha, kimoja cha kimo na kingine cha awamu. Washa osileta ndogo ya kristali karibu na redio, tafuta kivuli chake, telezesha kimo hadi kivuli kipungue, kisha awamu, kisha rudi kwenye kimo. Ukizunguka mara tatu au nne utafika dB 60. Rudia karibu na kingo za skrini, maana usawa wa katikati si lazima uwe usawa wa pembeni. Baadhi ya kadi za sauti huchelewesha chaneli moja kwa sampuli nzima, na ukikutana na kivuli kinachozidi kadiri unavyotoka katikati, anza kushuku hilo.

Huyo mtangazaji wa usiku ni habari nyingine, na hapa naomba uvumilivu, kwa sababu sehemu hii ndiyo inayowapotezea watu miezi. Mizuka ya SDR ya aina yako ipo ya namna nne, kila mmoja na mwendo wake. Usihangaike na skrubu kabla hujajua umekutana na yupi. Simamisha programu isifuate masafa, ili skrini ioneshe umbali kutoka katikati tu, halafu sogeza saa ya Si5351 kwa kHz 1 na uangalie.

Ishara ya kweli itasogea kHz 1 upande mmoja, tuseme kushoto. Kivuli kitasogea kHz 1 pia, lakini kwenda kulia. Kuna kingine kitakachoruka kHz 3 kwa mara moja. Huyo anatoka MHz 21. Swichi yako hufungua na kufunga kwa mawimbi ya mraba, na mawimbi ya mraba yamebeba hamoniki ya tatu yenye theluthi ya kimo, kwa hiyo redio inayosikiliza MHz 7.1 inasikiliza pia MHz 21.3, pungufu ya dB 9.5 tu. Mtu akiona ishara za mchana zenye sauti iliyopinduka, zinazopotea MHz 21 inapofunga usiku, amekutana na hizo. Tiba ni kichujio mbele ya swichi, basi.

Na kuna asiyesogea kabisa. Unageuza saa, yeye amekaa palepale katikati ya skrini, anasoma habari. Ndiye wako. Hakuja kupitia masafa uliyochagua. Amepenya kwa nguvu na kufika mahali ambapo transista zilizo ndani ya swichi au op-amp zimemgeuza kuwa sauti, kama diodi ya redio za kale za kristali ilivyofanya bila betri. Utangazaji wa AM una tabia hiyo kwa sababu sauti yake imechorwa kwenye kimo cha mawimbi. Usiku, vituo vya kuanzia MHz 7.2 kwenda juu, vya karibu na MHz 6 na vya karibu na MHz 9.5 vinaamka vyote kwa pamoja. Ukiwa na waya mrefu na huna kichujio, jumla ya nguvu hizo zote inaingia kwenye op-amp zako.

Wa nne ni mjanja. Anasogea kama ishara ya kweli, ana kimo cha kuaminika, ila hayupo angani. Amezaliwa ndani ya redio yako kutokana na vituo viwili vikali vilivyochanganyikana. Huyu hakamatwi kwa kugeuza masafa, anakamatwa kwa kipunguza nguvu. Weka dB 10 kati ya antena na redio. Ishara ya kweli itashuka dB 10. Mzaliwa wa mchanganyiko wa daraja la tatu atashuka dB 30, atoweke kwenye skrini huku wenzake wakiwa wamebaki. Siku ya kwanza niliyolijaribu hili nilikaa nikibonyeza swichi ya kipunguza nguvu kama mtoto, nusu ya ukanda ikizimika na kuwaka. Nusu ya niliyokuwa nikiyaandika kwenye daftari kwa wiki mbili hayakuwapo angani.

Kipunguza nguvu cha dB 20 ni rezista tatu: omu 62 kwenda kwenye ardhi, 240 katikati, 62 nyingine kwenda kwenye ardhi. Tengeneza vinne, kila kimoja kwenye kijumba chake cha bati, vyenye swichi ya kukiingiza na kukitoa. Usijaribu kupata dB 60 katika hatua moja, kwani mawimbi yataruka nje ya rezista na kipimo chako kitakudanganya. Vifaa hivi vinne, na ile osileta ya kristali ndani ya kopo lake, ndiyo maabara yako. Osileta inayotoa kilele kwa kilele volti 2 kwenye omu 50 ina dBm +10. Ikipita kwenye dB 80 inabaki −70, yaani S9 na ushei. Sahihisha kipimo cha S cha programu hapo, na kuanzia siku hiyo namba zake zitakuwa na maana. Kabla ya kuziamini, chomoa waya wa osileta uache kopo palepale: ukiendelea kuisikia, kopo linavuja.

Halafu ndipo utengeneze kichujio. Saketi mbili za koili na kapasita zilizounganishwa kwa kapasita ndogo, kwenye duara za unga wa chuma za T50-6, zile za manjano, zinatosha kuanzia. Ukiweza kuazima au kununua kifaa kimoja tu cha kupimia, kiwe NanoVNA, kwa sababu kitakuonesha kichujio na antena yako vyote. Ukikosa, tumia redio yenyewe kama mita na osileta kama chanzo. Kumbuka tu kwamba kichujio hiki hakiwezi kukutenganisha na MHz 7.3, ziko karibu mno. Kwa hizo dawa ni kile kipunguza nguvu cha dB 10. Naam, usiku redio yako itasikia vizuri zaidi ukiipunguzia, na ile hesabu ya −96 na −125 inakuambia una dB za kugawa.

Kuna kelele moja ambayo hakuna kati ya haya inayoigusa: ya nyumbani kwako. Lile jaribio la rezista linakwambia kelele inatoka kwenye antena, halikwambii kama inatoka mbinguni au kwenye taa ya LED. Endesha laptopu kwa betri, redio kwa betri, kisha mtu azime swichi kuu ya umeme huku wewe unaangalia skrini. Kelele za mlango hazimkeshi mwenye nyumba, walisema wahenga, ila hawakuwahi kuishi na chaja ya laptopu. Mimi niliwahi kuifumua redio nzima, kulehemu upya, kubadili op-amp, wiki tatu, nikitafuta mistari iliyojipanga kila kHz 60 hivi. Ilikuwa chaja. Mkondo wake ulikuwa ukipita juu ya waya wa USB, ukapanda hadi kwenye ganda la waya wa antena, ukageuza ganda lenyewe kuwa sehemu ya antena. Zungusha waya wa antena mara 10 au 12 kwenye duara kubwa la feriti ya aina ya 31 pale unapoingilia redio, na waya wa USB vivyo hivyo. Kama mistari inashuka, umeelewa ugonjwa.

Upande wa programu nitapita haraka, kwa sababu naona unatumia iliyokwisha kuandikwa, na ndivyo ningekushauri. Lakini ipime bila redio. Tengeneza faili la I na Q lenye mlio mmoja wa kHz 5 juu ya katikati, ulicheze ndani ya programu. Lazima uonekane kwenye +5 na usionekane kwenye −5. Ukitokea −5, umebadilisha kushoto na kulia, na watu wa LSB (SSB ya upande wa chini) utawasikia kama bata. Ukionekana pote, kosa liko kwenye mipangilio na si kwenye shaba uliyolehemu. Faili kama hilo la dakika moja hukuokoa jioni nzima za kulaumu kifaa kisicho na kosa.

Siku utakapotaka kuandika yako mwenyewe, kwa GNU Radio (zana za kuundia programu za redio) au vinginevyo, jifunze kwanza kupunguza sampuli kabla ya kuchuja. Kichujio chenye ukingo mkali wa Hz 200 kinahitaji namba kama 790 za kuzidisha ukikifanyia kwenye sampuli 48,000, na kama 130 tu ukishuka hadi 8,000. Masikio yako hayataona tofauti, kichakataji kitaiona. Sehemu ambayo masikio yataiona ni udhibiti wa sauti unaojirekebisha wenyewe: ushike ndani ya milisekunde chache, uachie polepole kwa nusu sekunde au zaidi. Ukiachia haraka, kelele itavimba kati ya kila neno na neno, na baada ya nusu saa kichwa kitauma usijue kwa nini.

Mezani pakishatulia, nenda angani. Kwanza masafa. Kristali iliyokosea kwa sehemu 20 katika milioni inakuweka nje kwa Hz 140 kwenye MHz 7. Vituo vya saa vinakusahihishia bure: WWV ya Marekani na BPM ya China hurusha kwenye MHz 5, 10 na 15, vingine navyo vipo. Kwa kuwa Si5351 inaweza kwenda kokote, ipeleke MHz 10 wakati kituo kinaingia vizuri, soma kosa, andika namba hiyo kwenye programu. Usitafute usahihi wa chini ya hezi moja, kwa sababu anga lenyewe hupanda na kushuka na kuyumbisha masafa kwa kiasi hicho. Kichujio cha MHz 7 utakiruka kwa muda.

Kisha acha WSPR, mfumo wa kupima ishara hafifu zinafika wapi, iendeshe saa 24. Mfumo huu alioutoa mwanafizikia Joe Taylor mwaka 2008 hutuma ujumbe mfupi kwa karibu sekunde 111, kwenye upana wa takriban Hz 6, na kompyuta huusoma ukiwa karibu dB 28 chini ya kelele ya dirisha la Hz 2,500. Weka MHz 7.0386 kwa USB (hapa ni SSB ya upande wa juu, si ule waya), hakikisha saa ya laptopu haijakosea hata sekunde moja, ulale. Asubuhi utakuwa na orodha ya vituo, umbali na nguvu walizotumia, nyingi zikiwa chini ya wati 5. Usiku wa pili badilisha kitu kimoja, tuseme ingiza kile kipunguza nguvu, ulinganishe. Nausifu mtihani huu kuliko sikio la mtu yeyote, langu likiwemo. Masikio hupenda redio waliyoiunda wenyewe.

Ukija kuiongezea MHz 14, kuna zawadi kwenye 14.100. Minara 18 ya NCDXF, taasisi ya wanaredio wa Marekani, iliyotawanyika duniani hupokezana kila sekunde 10, mzunguko mzima dakika 3. Kila mmoja hutaja jina lake kwa alama za Morse halafu hutoa milio minne mirefu: ya wati 100, 10, 1 na 0.1. Ni kipunguza nguvu cha hatua za dB 10 kilichowekwa upande wa pili wa dunia, na ukiusikia ule wa mwisho, hutaulizia tena habari za kikuza.

Tuje kwenye kurusha. Hapa msimamo wangu ni mkali kidogo. Redio mbovu ya kupokea inakuumiza wewe peke yako, ya kurusha inaumiza wengine. Kwa hiyo antena isiguse upande huo hadi mzigo bandia uwe umeshasema ndiyo. Rezista 20 za kiloomu 1, wati 2 kila moja, zikiwekwa sambamba, ni omu 50 zinazobeba wati 40. Ziwe za kaboni au filamu ya metali, zile za waya uliozungushwa ni koili kwa jina lingine. Weka diodi ya 1N4148 na kapasita ndogo juu ya mzigo, upime kwa mita ya kawaida ya volti za DC. Ongeza 0.6 kwa ajili ya diodi, zidisha jibu kwa lenyewe, gawa kwa 100. Wati 5 ni volti 22.4 za kilele, mita itasoma kama 21.8.

Baada ya kikuza cha nguvu weka kichujio cha kupitisha masafa ya chini, kwenye njia ya MHz 7, chenye koili tatu. Bila hicho unarusha MHz 14 na 21 pia. Kanuni za Marekani, kwa mfano, zinataka kila uchafu wa namna hiyo chini ya MHz 30 uwe pungufu ya ishara kuu kwa dB 43 au zaidi. Soma za leseni yako. Kupima, azima tinySA, kipimo kidogo kinachoonesha nguvu kwenye kila masafa, au redio nyingine ya SDR, na usiipe wati 5 usoni. Wati 5 ni dBm +37. Kipunguza nguvu cha dB 40 kinaziacha −3, na rezista zake za mwanzo ziwe zinahimili wati 5 hizo, zile ulizoweka kwenye maabara yako ya kupokea zitaungua.

Halafu milio miwili. Programu itoe Hz 700 na 1900 kwa pamoja, kwa kimo sawa. Ukitazama kwenye redio ya pili, unategemea kuona vilele viwili tu. Vile vitakavyoota kwenye 3100 na kwenye 500 ya upande wa pili ni kazi ya kikuza kinachopinda. Mimi sirushi kitu ambacho vilele hivyo havijashuka angalau dB 25 chini ya kila mlio. Vikiwa juu, jibu la kwanza si kubadilisha transista, ni kushusha kitelezi cha sauti ya kutoka kwenye kadi: karibu kila mara mtu anakilisha kikuza kupita kiasi kwa uchu wa ile wati ya tano. Katikati ya skrini utaona pia mstari mwembamba wa saa inayovuja, na upande wa pili kivuli cha milio. Vyote viwili hupungua kwa vitelezi vya kusahihisha, ila vya kurusha vina namba zake tofauti na vya kupokea, usinakili.

Siku ya kwanza na antena ya kweli, anza na wati 0.2 za WSPR, mzunguko mmoja, kisha gusa bati la kupoozea transista baada ya kuzima. Subiri dakika chache uone nani amekupata kabla ya kupandisha. Na kabla hujafika SSB, ingia kwenye mipangilio ya laptopu uzime milio yote ya taarifa, kwa sababu kadi ya sauti haibagui kati ya sauti yako na kengele ya barua pepe. Mimi nimewahi kurusha hewani, kwa wati 5 safi zilizopimwa vizuri, mlio wa betri inayokaribia kuisha. Mtu wa mbali sana alinirudia, akanipa ripoti ya ishara, kisha akaniuliza kama nimeshaipata chaja.